Komeo Upande wa Kushoto

Mwenye duka la bunduki aliniuliza swali moja tu kabla hajafungua kabati lake.

"Kulia au kushoto, dada yangu?"

"Kulia, alhamdulillahi," nikamjibu, kwa sauti ya mtu aliyeulizwa kama kwao alifunzwa adabu.

Yeye alitaka kujua komeo likae upande upi. Bunduki niliyokuwa naitafuta si ya kumimina risasi. Ukishapiga moja, unainua kishikio cha komeo kwa mkono, unalivuta nyuma, ganda linaruka nje, unalisukuma mbele, na risasi ya pili inaingia mahali pake. Watu wa shabaha ya mbali wanaipenda kwa sababu haina vitu vingi vya kutikisika ndani. Komeo hilo kwa kawaida huwa upande wa kulia. Zipo chache zenye komeo upande wa kushoto, za watu wanaotumia mkono huo, na muuzaji mwangalifu lazima aulize. Mimi nikaona ananiuliza habari za malezi ya mama yangu.

Kibali nilichokuwa nacho mkobani kilikuwa cha bunduki moja. Nilikingojea miezi mingi. Nilipeleka picha, alama za vidole na barua ya klabu, nikaenda na kurudi mpaka mlinzi wa mlangoni akawa ananiuliza hali ya mama. Kilikuwa na muda wake, ukipita umepita. Ukinunua isiyokufaa utakaa nayo hiyo hiyo, ama uirudishe na uanze safari upya tangu karatasi ya kwanza. Nami nilikuwa na miaka arobaini na sita, na nilitaka kitu kimoja: kuingia katika kundi la klabu yetu linalopiga shabaha ya mita mia sita. Kundi hilo haliazimi bunduki. Unakwenda na yako, wanakupima nayo, wanakuchukua au wanakuacha.

Kwa hiyo nilikuwa nachagua mara moja, na nilianza kwa kusema uongo.

Mimi ni mtu wa mkono wa kushoto. Nimeiandika sentensi hiyo na kuisoma mara tatu, maana sijapata kuiandika maishani, na hata leo nimeiandika kwa mkono wa kulia.

Nilipokuwa na miaka minne tulikuwa tunakaa mtaa wa Ruwi, huku kwa Waarabu, ghorofa ya tatu, juu ya duka la vitambaa. Wazee wangu walikuwa wametoka Unguja muda mfupi kabla sijazaliwa. Mama alichana pindo la kanga kuukuu, akaikunja ngumi yangu ya kushoto, akaizungushia kile kitambaa, akaifunga kwenye kiuno changu. Alifunga vizuri. Kila akimaliza aliingiza vidole viwili chini ya kitambaa kuona kama damu inapita. Kisha aliniwekea karatasi na penseli kwenye mkono wa kulia, nami nikaandika alif iliyolala chini kwa uchovu.

"Rudia," mama akasema.

Nilirudia. Asubuhi nzima nilirudia, na kesho yake, na mwezi uliofuata. Kitambaa kilifunguliwa wakati wa kuoga na wakati wa kulala, na aliyekifungua ni yeye tu. Nilipoanza skuli nilikuwa nimeshanyooka, na mama aliwaambia jirani zake kuwa mtoto amepona, kana kwamba nilikuwa na surua.

Kula kwa mkono wa kulia sina ugomvi nako. Ni sunna, na hata mkinilipa siwezi kumeza tonge lililopita njia nyengine. Lakini sindano? Mkasi? Kitana? Hivyo navyo vilifungiwa kiunoni. Kazi yangu ni kuchora ramani za viwanja, katika ofisi moja ya serikali Khuwair ya Kusini, na kwa miaka ishirini na mitatu wenzangu wamenisifu kwa uangalifu wangu. Si uangalifu. Ni mkono usiojua kazi unaokwenda polepole ili usikosee. Nikibaki peke yangu ofisini nakihamisha kipanya cha kompyuta upande wa pili, nikisikia hatua za mtu nakirudisha.

Kuna siku moja tu utotoni ambayo mkono wa kushoto uliponyoka. Ilikuwa Idi, kijijini kwa babu mzaa baba, na wanaume walikwenda wadini, kwenye bonde la mto mkavu, kupiga shabaha kama kawaida yao. Baba, Mungu amrehemu, alinichukua. Waliweka makopo ya maziwa juu ya mawe upande wa pili wa wadi, na zamu yake ilipofika alilala kifudifudi, akanilaza ubavuni pake, akanisogezea bunduki ya babu. Nilikuwa na miaka tisa. Niliiweka begani bila ya kufikiri, na bega lililoipokea lilikuwa la kushoto. Nikafyatua. Kopo likaruka. Wanaume wakacheka kwa furaha, baba akanipiga piga mgongoni, na mama, aliyekuwa kwenye kivuli cha gari pamoja na shangazi wa baba, akaja mbio huku ameshika baibui lake. Hakunigombeza. Alinihamishia bunduki bega la kulia, akaniambia, "Hivi ndivyo." Nilipiga mara tano zaidi siku ile na sikulipata kopo hata moja.

Mtu mwenye akili angeelewa pale pale. Mimi ilinichukua miaka thelathini na saba.

Klabu nilijiunga nayo nilipofika arobaini na tatu, baada ya baba kufariki na bunduki ya babu kwenda kwa baba mdogo, kama ilivyopasa. Nilianza na bunduki ya upepo ndani ya ukumbi, nikaenda kwenye ndogo ya risasi, kisha nikaazimwa ya komeo nje, kwenye uwanja ulio nyuma ya milima, ambako kuna mawe, bendera, na joto. Zote za klabu zilikuwa za kulia. Nilikuwa mpigaji wa kiasi. Katika risasi kumi, saba zilikaa pamoja na tatu zilikwenda kutembea. Shingo iliniuma kila wiki. Mwalimu wetu akisema ni pumzi, nikafanya mazoezi ya pumzi. Akisema ni kidole, nikafanya mazoezi ya kidole. Sikukosa Jumamosi hata moja ila zile alizolazwa mama hospitali kwa sukari. Mtu akiniambia kitu hakiwezekani kwangu huwa nasikia joto masikioni, na katika mambo ya mita mia sita nililisikia mara nyingi.

Sasa turudi dukani. Mwenye duka alikuwa mtu wa makamo, kwao walitoka Pemba, na alitandika kitambaa cha kijani juu ya meza akaziweka bunduki tatu. Ya kwanza ilikuwa na kitako cha mti mwekundu uliong'arishwa mpaka unajiona. Aliiweka mbele kabisa.

"Hii ukipiga nayo picha, watu watakuuliza umechumbiwa na nani," akasema.

"Sikuja kupiga picha."

Niliinyanyua. Ilikuwa nzuri kweli, na ilikuwa ya risasi nene, ambayo kila ukiipiga inakurejeshea teke begani. Teke moja si kitu. Mateke sitini kwa asubuhi moja yanakufanya ufumbe macho kabla ya kufyatua, na ukifumba macho umekwisha. Ya pili ilikuwa nyepesi, ya kuchukuliwa milimani na wawindaji. Mtutu wake ulikuwa mwembamba, na mtutu mwembamba ukipata moto baada ya risasi chache unaanza kuzitawanya. Ya tatu ilikuwa mbaya ya sura, ya kijivu, mtutu mnene kama mchi, nzito mpaka niliinyanyua kwa awamu mbili. Ilikuwa ya risasi nyembamba ya milimita sita na nusu, inayokwenda mbali bila ya fujo. Kitako chake kiliweza kurefushwa na kufupishwa kwa skrubu, na pale panapokaa shavu palipanda na kushuka. Nilikagua haina risasi, nikaelekeza ukutani, nikavuta kifyatulio. Kiliachia mara moja, kama kioo chembamba kinavyokatika, bila ya kuburuza.

"Hii," nikasema.

"Ndiyo waichukuayo wapigaji," akakiri, akakirudisha kile kitako chekundu kabatini kwa huzuni kidogo. Tukakubaliana nirudi Jumanne na karatasi zote, aiandikishe kwa jina langu. Nilitoka pale nikitembea na mikono yote miwili mfukoni, nimefurahi.

Jumamosi iliyokuwa kati nilikwenda uwanjani kumwambia mwalimu. Mwalimu wetu ni mwanajeshi mstaafu, kwao ni Tabora kabla ya kuja huku, na Kiswahili chake ni cha bara. Ananiita mama, kwa heshima, na mimi neno hilo sijalizoea.

"Mama, hongera sana. Bunduki nzuri hiyo," akasema. Kisha akanitazama nilivyolala na ile ya klabu. "Hebu inuka kidogo. Kuna kitu kinanisumbua tangu mwezi uliopita."

Aliniambia ninyooshe mikono mbele, niunganishe viganja niache tundu dogo katikati, na kwa macho yote mawili niitazame nguzo ya bendera kupitia tundu lile. Nikaiona.

"Funga jicho la kushoto."

Nguzo ikapotea. Nilikuwa natazama kidole gumba changu.

"Sasa fungua. Funga la kulia."

Nguzo ilikuwa pale pale, katikati ya tundu, na bendera yake.

"Jicho lako linaloongoza ni la kushoto," akasema. "Ndiyo maana unapinda shingo juu ya kitako. Unalipeleka jicho la kushoto kwenye darubini ya bunduki iliyoko kulia, halafu ukichoka unarudi jicho la kulia, ndiyo zile risasi tatu. Mama, niambie ukweli. Unatumia mkono gani?"

"Mimi si mama yako," nikamwambia.

"Samahani, dada. Mkono gani?"

"Wa kulia. Nala kwa kulia, naandika kwa kulia."

"Sijauliza unakulaje." Aliichukua bunduki, akaiweka upande wa pili wa mkeka. "Lala huku."

Nilikataa. Nilimwambia kuwa nimeshachagua, karatasi zinakwenda Jumanne, na kwamba jicho linafundishika kama mkono unavyofundishika. Nilisema na mengine ambayo hayakuhusu bunduki. Yeye alisimama tu, mikono nyuma, kama watu wa jeshi wanavyosimama wakiwa na siku nzima. Mwisho nililala upande ule ili nimwoneshe kuwa hajui asemalo.

Bega la kushoto liliipokea bunduki na shingo yangu ikanyooka. Jambo la kwanza nililohisi lilikuwa hilo, shingo. Shavu lilikaa, darubini ikajaa mwanga pande zote, na karatasi ya shabaha ilisimama mita mia tatu mbele yangu kimya kabisa. Nikapiga. Mkono wa kulia ulikuwa umeishika bunduki, kwa hiyo ili kuvuta komeo ilinibidi niuachie mkono wa kushoto, niupitishe juu ya bunduki mpaka upande wa pili, nipapase, nivute, nirudi, nijilaze upya. Ilikuwa kazi mbaya. Nilipiga risasi tano kwa dakika nyingi, na mwalimu akazitazama kwa darubini yake ya miguu mitatu.

Alinisogezea darubini nione mwenyewe. Zote tano zingefunikwa na kikombe cha kahawa, kile kidogo kisicho na mkono.

Nililia. Sikulia kwa furaha. Nilikuwa na hasira ya miaka arobaini na miwili na sikuwa na pa kuipeleka, kwani aliyenifunga alikuwa nyumbani ananisubiri nimpeleke kunywa chai.

Mwalimu alipoona nimetulia alinieleza habari ya mkanda. Watu wa mita mia sita hawaweki bunduki juu ya miguu ya chuma. Wanaishikilia kwa mkono wa mbele, na mkono huo unafungwa kwa mkanda wa ngozi juu ya kiwiko, ukazwe mpaka usitikisike. Mkono uliofungwa hauwezi kuvuta komeo. Unaofyatua ndio unaovuta. "Kwa hiyo wewe, dada, unahitaji komeo la kushoto," akasema. "Usinunue ile."

Jumanne nilikwenda dukani na karatasi zangu zote. Mwenye duka alikuwa ameshaitoa ile ya kijivu.

"Nimeghairi," nikasema.

"Umeghairi bunduki?"

"Nimeghairi upande."

Alinitazama juu ya miwani. "Si weye ulonambia kulia, tena ukamshukuru Mngu?"

"Ndiye mimi."

Alicheka mpaka akakaa chini, nami nikamwacha acheke, ni haki yake. Kisha akavua miwani na akanieleza bila ya mzaha. Za kushoto hana. Aina ile ile ya kijivu inatengenezwa kwa kushoto, lakini mpaka iagizwe, ipite vibali vyake, ifike, ni miezi mitano, pengine sita. Kibali changu kilikuwa na miezi mitatu. Itabidi niombe kiongezwe, na wanaweza kukataa. Wakikataa, sina kibali na sina bunduki. Na hii iliyopo mezani kuna mtu wa Sohar anaitaka, hawezi kumzuilia zaidi ya leo.

"Dada yangu, nakwambia kama ndugu yako. Wengi wa kushoto wanapiga kwa kulia, wanazoea. Weye umeshazoea."

Nadhani neno hilo ndilo lililoamua. Niliitazama ile ya kijivu. Nilikuwa naipenda. Ningeweza kutoka nayo siku ile ile, nikapinda shingo mpaka uzeeni, nikapiga saba kwa tatu, na hakuna ambaye angejua.

"Agiza ya kushoto," nikasema.

"Na kibali?"

"Kibali niachie mimi."

Yalibaki ya mama. Jambo la bunduki alikuwa analijua na amelikubali kwa shingo upande. Alisema heri bunduki kuliko wale wanawake wanaopanda milima kwa kamba. Lakini la upande hakulijua. Ijumaa baada ya alasiri nilimchukua kwa gari mpaka Bustan, ambako anapenda kukaa ndani ya gari, kiyoyozi kikipuliza, akitazama watoto wa watu wakikimbizana ufukweni. Tulipita mgahawani, nikapiga honi, tukaletewa karak mbili, chai nzito ya maziwa. Nikamwambia.

"Mkono wa kushoto?" akauliza. "Wa kulia una nini?"

"Hauna kitu, mama. Si wangu tu."

"Si wako, ni wa nani?"

"Mama, ulinifunga mwaka mzima."

Alishika kikombe chake cha karatasi kwa mikono miwili. Nilidhani atanambia kuwa sikumbuki vizuri, kama anavyosema kwa mambo mengi. Hakusema hivyo.

"Nlikuwa nna miaka ishirini na sita," akasema. "Tumekuja hapa, Kiarabu cha hapa sikijui, nikifungua mdomo wanacheka. Sku ile tumealikwa kwa shangazi la baba'ko, sinia limetengwa, weye ukatia mkono wa kushoto. Yule mama akawaambia wenziwe, nami nasikia, hawa waliotoka Zinjibar hata kula hawajui, wameishi na nani huko. Baba'ko akainamisha kichwa." Akanywa chai kidogo. "Nlikuwa nawakhofu wao, nikakufunga weye."

"Kula peke yake kungetosha, mama. Penseli ilikuwa na kosa gani?"

"Sikujua pa kukomea," akasema.

Ningependa kuandika kuwa nilimkumbatia. Sikumkumbatia. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu ilizidi kwa sababu nilimwelewa. Nilimuona kijana wa miaka ishirini na sita katika nyumba ya watu, anatazamwa kila anaponyanyua kijiko, na nilimuona mtoto wa miaka minne na ngumi yake kiunoni, na sikujua nimkasirikie nani. Niliendesha gari mpaka nyumbani tukisikiliza redio.

Mapambano ya kibali sitayaeleza yote. Nilikwenda dirisha la kwanza, likanipeleka la pili, la pili likanirudisha la kwanza. Nilichukua barua ya mwalimu, iliyoeleza habari ya jicho kwa Kiarabu safi cha kijeshi. Ofisa mmoja aliisoma, akaniuliza kwa nini sikusema kushoto tangu mwanzo. Nikamwambia kuwa nilipokuwa mdogo nilikatazwa. Alikuwa anaandika. Nikaona kalamu iko mkono wa kulia, na herufi zake zinapanda na kushuka, mbaya kama zangu. Alinitazama, akaiandika nyongeza ya miezi minne, akagonga mhuri. Sikumuuliza na hakunambia.

Bunduki ilifika ikiwa imebakia wiki mbili kibali kumalizika. Komeo upande wa kushoto. Nilipoivuta mara ya kwanza pale dukani, mkono ulikwenda wenyewe, juu, nyuma, mbele, chini, na mwenye duka akasema, "Ala, kumbe," na akaacha kunitania kwa siku ile. Kundi la mita mia sita limenichukua, nalisema sasa ili asiwepo wa kulingojea. Nilipimwa Jumamosi ya pili yake, nikapita, si wa kwanza wala wa mwisho. Lakini ninachokikumbuka zaidi ni siku mbili kabla ya kupimwa.

Ilikuwa Alkhamisi, nimerudi kazini mapema. Nilikuwa na mazoezi ya kulala na kuvuta komeo bila ya risasi, mara mia, kama alivyoniagiza mwalimu. Niliitoa bunduki kwenye kabati lake la chuma, nikakagua chumba cha risasi kwa jicho na kwa kidole, nikatandika mkeka sebuleni. Tatizo lilikuwa mkanda. Ni wa ngozi mpya, mgumu, na unatakiwa ufungwe juu ya kiwiko cha kulia. Nilijaribu kuufunga kwa mkono mmoja, nikashindwa. Nilijaribu kwa meno. Mama alikuwa kwenye kiti chake anamaliza tasbihi, ananitazama. Tangu ile siku ya Bustan tulikuwa tunazungumza habari za mboga na dawa zake tu.

"Lete," akasema.

Nilipiga magoti mbele ya kiti chake nikampa mkono wa kulia. Alivaa miwani, akaugeuza ule mkanda kuona unavyokwenda, akauzungusha juu ya kiwiko mara moja, akavuta. Akaingiza ulimi wa kifungo kwenye tundu. Kisha, bila ya kufikiri, aliingiza vidole viwili chini ya mkanda kuona kama damu inapita.

Vikasimama hapo. Alivitazama vidole vyake mwenyewe, nami nilivitazama. Hasira niliyokuwa nayo tangu Bustan niliitafuta sikuiona.

"Unakubana?" akauliza.

"Bado, mama. Kaza."

Akakaza tundu moja zaidi. Nililala juu ya mkeka, mkono wa kulia umefungwa, hauwezi kitu ila kubeba. Wa kushoto ulikuwa huru juu ya komeo. Nikainua, nikavuta, nikasukuma, nikafunga. Kishikio kilikwama kidogo mwishoni, kwa sababu ya uharaka wangu, na mlio wake ulitoka mbaya. Nilisikia kiti cha mama kikilia nyuma yangu alipoinama kuona vizuri.

"Rudia," akasema.